Mzinga wa Madume

Harufu ya nta ikinipitia puani, hata kama niko sokoni na mikoba miwili mkononi, nasimama. Watu wananipiga vikumbo, wananiambia mama sogea, na mimi nawajibu vibaya, maana hasira zangu ziko karibu, nimezaliwa hivyo. Lakini sisogei mpaka harufu iishe. Kwa muda huo mfupi niko kwetu, uani, mlango wa karakana uko wazi, na Baba yuko ndani anapiga randa huku amekunja uso kana kwamba ule ubao umemtukana.

Siku hizi pale pana duka la simu. Nilipita mwaka juzi, kijana wa kaunta akaniuliza nataka kava la rangi gani. Nikamwambia nataka anyamaze kidogo. Maskini, hakuwa na kosa.

Baba alikuwa seremala. Vitanda, milango na madawati ya shule alitengeneza kwa ajili ya tumbo, mizinga ya nyuki akatengeneza kwa ajili ya roho yake. Tulikuwa nayo yetu wenyewe nyuma ya karakana, masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi ya samawati iliyobaki kwenye mlango wa mteja fulani. Mmoja uliegemea ukuta wa jirani, kwa hiyo tukauita Ukutani. Huo ndio uliokuwa na asali nyingi na nyuki wakali kuliko yote. Kaka yangu alichungulia humo mara moja tu, akavimba mdomo, akaapa hatarudi, na kweli hakurudi. Basi kazi ya msaidizi nikaichukua mimi, nikiwa bado na pengo la jino la mbele.

Kulikuwa na sheria moja. Magomvi hayavuki mlango wa karakana. Baba aliamini nyuki wananusa hasira. "Hasira ina jasho lake," alikuwa akisema, "na hao viumbe wanalijua." Kwa hiyo sisi wawili, ambao mezani tulikuwa tunaweza kugombania hata kijiko, tukifika mizingani tulikuwa wapole ajabu. Hatukuongea. Vidole viwili maana yake nipe bomba la moshi. Kiganja chini maana yake polepole. Neno lilikuwa moja tu, na Baba alilisema kila mara kabla ya kurudisha kifuniko.

"Mama mwenye nyumba umemwona?"

Mama mwenye nyumba ndiye malkia. Nami nikijibu, "Nimemwona, yuko katikati," ndipo Baba anafunika. Kama sijamwona tunamtafuta sega kwa sega, maana malkia akibanwa na kifuniko, amekwisha, na mzinga nao umekwisha. Jamani, nilivyokuwa naona fahari kusema "nimemwona"! Ukubwani nimepewa vyeti na nimepigiwa makofi, lakini hakuna kilichowahi kunipa kichwa kikubwa kama lile neno.

Halafu nikaenda chuoni kusomea kupiga chapa, nikarudi kabla ya mtihani, nina sanduku na tumbo. Aliyenipa hilo tumbo alikuwa na maneno matamu na anwani ya uongo. Sitapoteza muda kumweleza.

Baba aliniangalia mara moja tu, pale mlangoni, akaenda karakana. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Hakunitukana, hakuninyooshea mkono. Laiti angenitukana, ningemjibu, tungemaliza! Lakini yeye alinyamaza, na unyamavu wa Baba ulikuwa mzito, ulikaa mezani kama mgeni asiyeondoka.

"Mwambie mwanao anisogezee chumvi," anamwambia Mama.

Na mimi, kwa kiburi changu: "Mama, mwambie mumeo chumvi iko mbele yake."

"Haki ya nani mtaniua," anasema Mama. "Meza yenyewe haina hata urefu wa kitanda."

Mtoto akazaliwa. Wa kiume, mzito, mapaja yamejikunja mikunjo kila mahali. Majirani wakamwita Bonge. Mama akamwita mume wangu, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu zao, na alikuwa akimwogesha huku anamlalamikia kwamba hajaleta posho tangu aoe. Baba hakumwita kitu. Akimkuta mkekani anamzunguka, kama mtu anavyozunguka kiti kilichowekwa vibaya. Siku moja Bonge alimshika suruali. Baba alisimama hapohapo, hakuinama, hakumsukuma, akasubiri vile vidole vichoke vyenyewe, halafu akaenda zake. Siku hiyo nililia, na sioni aibu kusema.

Kazi ya mizinga hata hivyo tuliendelea kuifanya wawili, maana mtu mmoja haiwezi. Msimu ulipofika, Baba aligonga dirisha langu kwa kidole, nikajua. Nikamwachia Mama mtoto, nikavaa kofia ya wavu, tukarina asali kwa ishara zetu zilezile. Vidole viwili. Kiganja chini. Tulipofika Ukutani, tukatoa masega, tukarudisha yaliyobaki, kifuniko kiko mkononi mwa Baba. Hapo akasita. Mimi nikasubiri aulize. Yeye, nadhani, alikuwa anasubiri niseme. Nyuki wanaturukia usoni, moshi unakwisha, na sisi tumesimama kama watu wawili mlangoni kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia, ila sisi hakuna aliyesema. Baba akashusha kifuniko.

Wiki kadhaa zikapita, Mama akaniita jikoni, akafunga mlango. Mama akifunga mlango wa jikoni, ujue kuna jambo.

"Shangazi yako anakuja Jumamosi," alisema. "Anataka kumchukua mtoto, akalelewe na binti yake. Unajua yule ameolewa siku nyingi na hajajaliwa. Nyumba yao ni nzuri, ina ngazi ya ndani. Anasema wewe bado kijana, utaolewa, utazaa wengine."

"Baba amesemaje?"

"Hajakataa."

"Kutokukataa ndiyo kukubali?"

Mama akafuta meza iliyokuwa tayari safi. "Kwa baba yako, ndiyo."

Weee! Damu ilinipanda hadi masikioni. Lakini ningefanya nini? Sina kazi, sina cheti, sina pa kwenda, na nyumba ni yake. Baba akisema mtoto aende, mtoto ataenda. Nikameza kiburi chote, kikanikwaruza koo, nikaenda hadi kwenye kizingiti cha karakana. Sikuvuka, kwa sababu ya ile sheria.

"Baba," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu nirudi. "Usimruhusu."

Randa ikasimama. Nikaona mgongo wake, shati limeloa katikati. Halafu randa ikaanza tena, fyuu, fyuu, maganda ya ubao yakaanguka miguuni pake, na hakugeuka.

Jumamosi Shangazi akaja na teksi. Dada mkubwa wa Baba, mfanyabiashara wa vitambaa, sauti yake ilitangulia kuingia ndani kabla ya mkoba wake. Alikuja na begi la nguo za mtoto, mpya, karatasi za dukani bado zinaning'inia. Akazipanga kochini moja moja, kofia, soksi, sweta ndogo ya manjano. Nilitaka kumchukia vizuri siku ile, lakini alivyokuwa anainyoosha ile sweta kwa kiganja, nilishindwa kumchukia kama nilivyopanga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mama. Usininunie. Sikuibii, nakupunguzia."

"Sijakuambia nimelemewa."

"Ulimi huo," akasema Shangazi, "ndio uliokufikisha hapa." Nami nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, lakini Baba akatokea mlangoni, kofia ya wavu kichwani.

"Dada, karibu. Subiri kidogo. Ukutani kuna tatizo."

"Leo? Teksi inanisubiri!"

"Kazi kwanza," akasema Baba. Kisha akaniangalia na kuinua vidole viwili.

Nilikuwa nimesikia, kweli. Tangu asubuhi ule mzinga ulikuwa unatoa sauti ambayo si ya kawaida, mngurumo wa watu waliopotelewa na kitu. Nikamkabidhi Mama mtoto. "Ukimwachia kabla sijarudi, nitaichoma nyumba hii," nikamwambia. "Nenda," Mama akasema, akamkumbatia mume wake.

Tukafungua. Hata moshi haukuhitajika sana, nyuki walikuwa wanyonge. Baba akainua sega, akaligeuza kwenye mwanga. Matundu yamefunikwa ovyoovyo, huku na huku, na vifuniko vyake vimevimba, vile vya madume. Hakuna majana ya vibarua, yaani watoto wa nyuki wafanyakazi, hata mahali pamoja. Kwenye matundu ya wazi, mayai mawili, matatu pamoja, yamebandikwa pembeni na mtu asiyejua kazi. Na juu ya masega, madume. Madume kila upande, wanene, macho makubwa, wanazurura na kula asali.

Baba akarudisha sega polepole. "Mama mwenye nyumba hayupo," akasema.

Alikuwa anazungumza na mimi.

"Tulimbana na kifuniko," akasema tena. "Siku ile. Hatukuulizana."

Niliitikia kwa kichwa. Machozi yalinijaa ndani ya wavu, na ndani ya wavu huwezi kuyafuta.

Shangazi, aliyechoka kusubiri, alikuwa ametufuata hadi mlango wa nyuma wa karakana, mtandio ameuzungusha usoni mpaka yamebaki macho. "Kuna nini huko?" akapaza sauti. "Nimwambie dereva azime gari?"

"Malkia amekufa," Baba akajibu. "Vibarua wanataga wenyewe."

"Si vizuri? Wanazaana!"

"Wanataga madume tu." Baba hakuwa mtu wa kueleza mambo, lakini kwenye nyuki alikuwa anashindwa kujizuia. "Kibarua hajawahi kutoka na dume, dada. Malkia huenda angani ujanani mwake, anakutana na madume wengi, anarudi na mbegu zao tumboni, zinamtosha maisha. Akitaga yai likakutana na mbegu, hutoka jike, ndiye mfanyakazi. Yai lisipokutana na mbegu, halifi. Hutoka dume. Kwa hiyo kibarua akitaga peke yake ni dume, dume, dume. Nani atatafuta chakula? Mzinga wa namna hii unakufa."

"Kwa hiyo hilo dume baba yake nani?"

"Hana baba. Dume la nyuki hana baba."

Shangazi akacheka. Sidhani alikusudia ubaya, lakini alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kufikiri. "Loo! Basi na ndani kwako unaye mmoja, amelala kwa mkeo."

Nikaliweka bomba chini. Sheria ya karakana, hasira, nyuki, vyote nikavisahau, nikapiga hatua kumwendea. Baba akaweka kiganja chini. Polepole. Nikasimama.

"Babu anaye," akasema Baba.

"Nini?"

"Dume la nyuki. Hana baba, lakini mama yake ana baba. Kwa hiyo babu anaye."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumwambia mteja ubao huu haufai, halafu akageukia mzinga wa pili kana kwamba hajasema kitu. Akaufungua, akatafuta sega lenye mayai mabichi ya malkia wa mle, akawapangusa nyuki kwa manyoya, akanipa nilishike. Tukaliingiza Ukutani, katikati.

"Na hilo la nini tena?" Shangazi aliuliza.

"Ni mayai ya jirani. Watayalea. Wakipata yai lililokutana na mbegu wanaweza kulifanya malkia. Si leo. Tutawapa tena wiki ijayo na ijayo, mpaka waache ujinga wao."

"Watalea yasiyo yao?"

"Nyuki hawaulizi ya nani."

"Ehee!" Shangazi akapiga kofi. "Umejifunga mwenyewe, mdogo wangu! Si ndicho ninachokuambia? Nyumba ya binti yangu haina mtoto, nyumba yako inaye. Toa huku, weka kule, watalea. Nyuki wenyewe wamekubali!"

Shangazi alikuwa amempata Baba. Baba alikuwa ameshika kifuniko, nami nikamwona anatafuta neno na halipati, yeye aliyekuwa na jibu la kila kitu cha nyuki. Nyuki wakawa wanatua kwenye mikono yake na kuruka. Nilitaka kupiga kelele. Niliuma mdomo.

"Nyuki ni nyuki, dada," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa imemkauka. "Wana akili zao, na mimi nina zangu. Yule mtoto haendi."

"Ulisema..."

"Sikusema kitu. Hapo ndipo nilipokosea." Akafunika mzinga. "Haendi popote. Ni wangu."

Shangazi aliteremsha mtandio. Alimwangalia Baba muda mrefu, kisha akaniangalia mimi, na nikaona macho yake yamelowa. "Nitamwambia nini yule binti?" akauliza. Nilimsindikiza hadi kwenye teksi. Nikambusu mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya tena kwa mtu yeyote. Zile nguo alikataa kuzirudisha. "Mvalishe sweta," alisema. "Asubuhi kuna baridi."

Niliporudi ndani Baba alikuwa jikoni, ananawa. Mama anamwagia maji, yeye anasugua, kucha, viganja, viwiko, anadai sabuni tena, anasugua tena, maana mkono unaonuka mzinga haumshiki mtoto. Baba akajifuta, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mikono yote miwili mbele kama mtu anayepokea mbao.

"Nipe," akaniambia.

Nikampa. Alimshika vibaya kabisa, mbali na kifua, Bonge ananing'inia huku anamkodolea macho. Wakaangaliana, pua kwa pua, pua ileile.

"Anaitwa nani?"

Alikuwa amekaa naye nyumba moja tangu siku niliyotoka hospitali, na hakuwahi kuuliza. Nami sikuwahi kusema, isipokuwa kwa Mama. Nikamtajia.

Lilikuwa jina lake yeye.

Baba aliinamisha kichwa, akabaki hivyo. Mama akaigeukia sufuria isiyokuwa na kitu, akaanza kuikoroga. Bonge akanyoosha mkono, akamshika sikio babu yake, akalivuta kwa nguvu zake zote.

"Jina baya hilo," akasema Baba, bila kuinua uso. "Limenisumbua miaka yote." Kisha akamvuta kifuani.

Nikanyoosha mikono nimpokee, maana chakula kilikuwa tayari na mtoto alikuwa hajanyonya.

"Subiri kwanza," akasema Baba. "Sijamaliza."